Uzi wa kaskazi: mara ya mwisho kucheza ulikuwa na umri gani?

#1 Mwana wa Ng'ambo

Asalaam aleikum jamani. Leo sileti siasa wala bei ya mchele.

Nimekulia Ng'ambo, nyuma ya majumba ya Michenzani, na sasa naishi Fuoni. Nina miaka 46. Likizo hii ya Disemba wamekuja watoto watatu wa dada yangu. Siku ya pili umeme ukakatika, simu zikazima, nyumba nzima ikawa manung'uniko. Nikatoka uani kuwatengenezea tiara, kishada cha kurushwa na upepo: nikachomoa njiti tatu kwenye fagio la chelewa, nikachana gazeti, nikapika kijiko kimoja cha uji wa ngano mzito uwe gundi. Mkia nikaufanya kwa kipande cha kanga kuukuu. Tiara ya kwanza ilizunguka mara tatu ikaja chini kwa kichwa. Nikajua mkia mfupi. Nikaongeza kitambaa kiasi cha shubiri mbili, ikapanda.

Sasa sikilizeni. Watoto walicheza robo saa, wakaitwa kula embe, wakaenda zao. Mimi nikabaki na uzi. Nilipozinduka ni adhana ya magharibi. Uzi ulikuwa unanikata kwenye kidole cha shahada, pale pale penye alama ya zamani ambayo sijaitazama miaka na miaka. Kile kidole kilijua kulegeza na kuvuta kabla mimi sijakumbuka chochote. Sikuwaza mkopo, sikuwaza kazi. Nilikuwa nacheka peke yangu uwanjani.

Nauliza kwa dhati: ile furaha ilikuwa wapi miaka 30 yote hii? Imelala tu, au tuliizika kwa mikono yetu? Na wewe, mara ya mwisho kucheza (sisemi kutazama mpira kwenye tivii, kucheza mwenyewe) ilikuwa lini?

#2 Bahari Shwari

Waaleikum salaam. Kwanza nikurekebishe, yakhe. Tiara ni mchezo wa kusi, mwezi wa saba, wa nane, upepo ukiwa umetulia kwenye njia moja. Kaskazi ni joto tu, tiara inalala kama imekula pilau.

#3 Mwana wa Ng'ambo

Bahari Shwari, imepanda mpaka sikuuona mkia. Njoo Fuoni uione.

#4 Nahodha wa Mkokotoni

Mna haki nyote wawili. Kaskazi inaanza kuvuma Disemba mpaka kiasi cha Machi, kusi inashika baada ya masika. Kusi ina nguvu zaidi. Lakini alasiri ya kaskazi upepo unatoka baharini unakaza, na mtoto hahitaji zaidi ya saa mbili. Majahazi yalikuja na kaskazi hii hii kutoka Arabuni na Bara Hindi, itashindwa na gazeti?

Ila tiara muirushie mbali na nyaya za umeme. Hilo sisemi kwa kucheza.

#5 Ummu Salwa

Nimeusoma uzi nikaguswa, na nikakasirika pia. Mwanamme wa miaka 46 akirusha tiara watu watasema kakumbuka utoto, na watamsimamia watazame. Mimi nikiruka kamba mtaani kwetu wataniuliza kama nimechanganyikiwa.

Mara yangu ya mwisho naikumbuka vizuri sana. Nilikuwa na miaka 13, skuli zimefungwa, tunacheza nage nyuma ya nyumba kwetu Jang'ombe. Wasioijua: wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira wa matambara, wewe katikati unakwepa, na kila ukipata upenyo unainama kutia mchanga kwenye chupa. Ikijaa umeshinda. Nilikuwa hodari, wenzangu walikuwa wananiogopa. Siku ile chupa yangu imefika nusu, mama akaniita dirishani: "Ingia ndani, umeshakuwa mtu mzima wewe." Nikaingia. Chupa niliiacha pale pale imesimama.

Kwa hiyo unapouliza nani aliizika, wengine tuliitwa ndani.

#6 Kipanga

Hiyo nage ndiyo rede?

#7 Ummu Salwa

Bara wanaita rede. Kwetu nage.

#8 Bahari Shwari

Na kibe je, huko bara wanaitaje? Nilikaa Dar miaka minne, nikasema "tucheze kibe" watoto wa jirani wakanitolea macho. Kumbe kwao ni kombolela.

#9 Kipanga

Kombolela si kujificha kutupu, ina kopo linapigwa teke. Ni mchezo mwingine.

#10 Bahari Shwari

Kujificha ni kujificha, Kipanga. Kopo ni mbwembwe za bara.

#11 Mwalimu wa Vidudu

Nafundisha maandalizi mwaka wa 17 huu, niruhusuni niseme ninachokiona kila siku.

Mtoto wa miaka mitano akijenga kibanda cha mchanga, kikabomoka, hasikitiki. Anajenga tena. Kinachompa raha ni ile kujenga. Mtu mzima kinachompa raha ni kibanda kilichokwisha, tena watu wakione. Mleta uzi alirudi kwenye ile hali ya kwanza kwa sababu tiara haina pa kufika. Haikupi kitu, hakuna wa kuipima. Inapanda, basi. Mimi naona siri ipo hapo. Tukitia zawadi na mshindi tunapoteza nusu yake.

Na Ummu Salwa, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 31, unaitaja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Tanzania imeuridhia tangu 1991. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Mtoto wa kike wa miaka 13 yumo ndani ya mkataba ule sawasawa na kaka yake.

#12 Komwe

Mwalimu, nakupinga kwenye mshindi. Twende barazani. Wazee wanacheza bao kila alasiri mpaka taa zinawashwa, na wanacheza kushinda. Mtu wa miaka 70 anapiga kelele kwa mashimo 64 kama mtoto. Furaha ipo pale pale na mshindi yupo.

#13 Nahodha wa Mkokotoni

Mashimo 32, Komwe. Safu nne, nane nane. 64 ni kete. Na jina lako unalo hivyo!

#14 Komwe

Kweli Nahodha, nimechanganya, ahsante. Hoja yangu inabaki. Babu yangu alikuwa akizipata kete ufukweni, komwe zile za kijivu zinazong'ara, anazisugua kwenye kanzu kabla ya kuzitia shimoni. Anapomaliza kunamua (kuingiza kete za mkononi) na kuingia mtaji (kucheza na zilizomo mashimoni), mguu wake wa kulia unatikisika. Hiyo ni furaha ya mtoto kabisa, na alikuwa anataka kumfunga mwenzake.

#15 Mpemba wa Mtambile

Nimewasoma nyote kimya, sasa niseme langu, na naomba msinione nimekuja kuharibu.

Nyote mnazungumza kurudi. Kurudi wapi? Mimi nimezaliwa Pemba, sisi likizo ilikuwa karafuu. Mwaka wa mavuno mazuri unaamka alfajiri na mama, wakubwa wanapanda mikarafuu, wadogo tunaokota zilizoanguka chini. Usiku tunakaa mkekani tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, taa ya kibatari katikati, vidole vinanata na kunuka mpaka chakula kinaingia ladha yake. Malipo kwa pishi. Nilikuwa na miaka minane, tisa. Sikumbuki tiara. Mpira niliuona wakicheza wengine.

Sasa nina miaka 51. Mwaka juzi nilimpeleka mjukuu ufukwe wa Vumawimbi. Maji yamekupwa, mchanga mweupe hauna mwisho. Akaanza kukimbia kufuata kaa, nami nikakimbia. Nikaanguka kifudifudi, mjukuu akanikalia mgongoni. Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Haikurudi furaha ya utotoni ile, kwa sababu haikuwahi kuja. Ilikuja siku ile, mara ya kwanza.

Basi anayesema imelala ndani yetu anieleze mimi yangu ililala wapi.

#16 Ummu Salwa

Mashaallah Mpemba. Mungu akuwekee mjukuu wako.

#17 Mwana wa Ng'ambo

Hili sikulifikiria hata kidogo. Ahsante. Nalichukua.

#18 Shangazi wa Wete

Mpemba wa Mtambile, kaka yangu, karafuu nami nimezichambua, na nakumbuka vyengine. Pale mkekani kwetu ilikuwa vitendawili. Bibi anasema "Kitendawili!" sisi "Tega!", na mikono haisimami. Atakayeshindwa anatoa mji, na mwenye mji anaringa nao mpaka tukalale. Mimi nimekula Chake Chake mara ngapi, nimekula mpaka Mombasa! Tulikuwa tunafanya kazi na tunacheza wakati mmoja, kwenye mkeka mmoja. Labda kwenu hakukuwa na bibi wa vitendawili.

#19 Mpemba wa Mtambile

Hakukuwepo, dada. Bibi yangu alikufa kabla sijazaliwa. Inawezekana ndiyo tofauti yote.

#20 Kijana wa Juzi

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 21. Kila mkikaa mnasema watoto wa leo simu tu, simu tu. Naomba niulize: tucheze wapi?

Pale Mwanakwerekwe uwanja tuliokuwa tukipiga chandimu nilipokuwa darasa la pili una nyumba nne na duka. Wa pili uliuzwa. Wa tatu ni wa skuli na una geti. Tumebakiwa na kichochoro, na mpira ukiingia kwa mtu haurudi. Simu haikutufukuza uwanjani, tuliikuta tukiwa tumeshafukuzwa.

#21 Bahari Shwari

Marahaba mwanangu. Hapo umesema.

#22 Mwalimu wa Vidudu

Kijana ana ushahidi. Sensa ya 2002 Zanzibar tulikuwa 984,625. Ya 2012 tukawa 1,303,569. Ya 2022 ni 1,889,773. Ndani ya miaka 20 tumekaribia kuwa mara mbili, na kisiwa hakikuongezeka hata shubiri. Watu wanataka pa kulala, na kinachoondoka mwanzo ni uwanja usio na hati.

#23 Kipanga

Lakini pwani haijajengwa yote. Forodhani vijana wanachupa mpaka leo, kichwangomba mbele ya wageni, na hawatozwi kitu. Tangu ile bustani ilipotengenezwa 2010 wamezidi.

#24 Komwe

2009, Kipanga. Ilifunguliwa tena 2009, baada ya matengenezo ya Wakfu wa Aga Khan. Na yenyewe ni ya 1936, ya jubilei ya Seyyid Khalifa bin Haroub, ndiyo maana wazee waliiita Jubilii. Safari hii nimelipa deni langu la mashimo!

#25 Kipanga

Nimekubali, 2009.

#26 Mwana wa Ng'ambo

Forodhani ndiyo ilikuwa skuli yetu ya pili. Tulikuwa tunatoka Michenzani kwa miguu, wanane, kaptura moja moja. Kila siku saa 10 maji yamejaa, unakimbia kutoka kwenye mti, unakanyaga ukingo wa ukuta kwa kisigino, halafu hewani. Ile nukta kabla ya maji, masikio hayasikii kitu.

#27 Nahodha wa Mkokotoni

Kila siku hapana, mwanangu. Saa 10 ni siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo hapa kwetu maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, na saa 10 hiyo hiyo utayakuta yamekupwa. Bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Mtoto akichupa kwa mazoea ya wiki iliyopita anaangukia mawe.

Nyinyi mliweza kwa sababu palikuwa na wakubwa wenu pale ukutani waliokuwa wakiyatazama maji na kuwaambia "leo basi". Hamkuwaona tu. Kila mchezo mnaousema humu palikuwa na mtu mzima pembeni.

#28 Mwana wa Ng'ambo

Kweli, Nahodha. Alikuwepo mmoja muuza kahawa. Akisema "leo basi" tunavaa mashati.

#29 Chaza

Mie siandikagi sana. Nahodha kasema kweli. Mdogo wangu alizama katika pwani ya mjini, likizo kama hii, alikuwa na miaka 11. Siku ile hakukuwa na mtu wa kusema "leo basi".

Miaka 19 sikutia mguu baharini, nami nimezaliwa hatua mia kutoka majini. Mwaka jana nilikwenda na shoga yangu, maji mafu, asubuhi, tukakaa yakatufika kiunoni na nguo zetu. Tukarushiana maji kidogo. Nilifurahi na nililia, vyote pamoja, na sijui kimoja kilianzia wapi na kingine kikaishia wapi. Sina maelezo ya kuongeza.

#30 Ummu Salwa

Mungu amrehemu mdogo wako, Chaza. Ahsante kwa kutuamini na hili.

#31 Nahodha wa Mkokotoni

Amin. Umefanya vyema kwenda maji mafu.

#32 Mbali na Kwetu

Salaam kutoka Uingereza, mwaka wa 14 nipo huku. Mpemba na Chaza wamenikalisha chini, lakini niongeze langu.

Huku kiangazi ni kifupi. Mwezi wa Juni hapa London jua linazama saa 3 na dakika 20 usiku, na Disemba linazama kabla ya saa 10 jioni. Basi likitoka jua wanalikimbilia kama maji ya bomba yaliyokatika siku tatu. Watu wazima wenye vyeo vyao wanavua viatu, wanakaa kwenye majani, wanarushiana sahani za plastiki na mbwa na watoto. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Mwanzo niliwaona hawana haya. Siku moja mfanyakazi mwenzangu akanirushia mpira, nikaudaka, nikarusha, na saa nzima ikapita.

Fikra yangu: sisi jua tunalo mwaka mzima ndiyo maana hatulihesabu. Tulichokuwa tukikihesabu utotoni ni siku za likizo. Ukishamaliza skuli huna tena kengele ya kufunga, kila siku inakuwa kama jana, na mchezo unasubiri siku ambayo haiji.

#33 Shangazi wa Wete

Kwa hiyo sisi tunahitaji baridi ndipo tucheze? Hapana, Mbali na Kwetu. Hapa kaskazi ikiingia unajua bila kengele. Maembe yanaanguka usiku juu ya bati, puu! na watoto wanalala na nguo zao za mchana ili wawahi alfajiri. Boribo, dodo, sikio la punda. Embe bichi, chumvi na pilipili ya unga ndani ya kipande cha gazeti. Nani alihitaji kengele?

#34 Mbali na Kwetu

Shangazi, hiyo puu ya bati umenifanya niamke niende dirishani. Nje ni barafu.

#35 Makunduchi Kusini

Mnashangaza mnavyosema watu wazima walikuwa hawachezi. Sisi Makunduchi kila mwaka mwezi wa saba tuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wazima, wenye wajukuu, wanapigana kwa migomba uwanjani mchana kweupe, na wanawake wamevaa vipya wanaimba. Kibanda cha makuti kinachomwa, aliyekuwemo ndani anatoka mbio. Usiku ngoma. Hakuna anayeambiwa "umeshakuwa mtu mzima".

Wazee walijua. Waliwatengea watu wazima siku yao kabisa. Pemba walikuwa na mchezo wa ng'ombe, wa kuchezeana na fahali, na kirumbizi, ngoma ya fimbo, watu wazima pia. Naona tulipoanza kusema mambo haya ni ya kishamba ndipo tukabaki na mchezo wa watoto peke yake, na mtoto akikua anakuwa hana pa kwenda.

#36 Bahari Shwari

Mwaka Kogwa si mchezo, ni mila. Watu wanatoa vinyongo vya mwaka mzima pale, na mwaka mpya unaanza safi. Usiufananishe na tiara.

#37 Makunduchi Kusini

Mimi nimepigwa mgomba wa bega na shemeji yangu mwaka niliomcheleweshea deni. Nikampiga wa mgongo. Tukacheka mpaka tukakaa chini, utomvu umetujaa kwenye shati. Mila, ndiyo. Lakini usiniambie sikuwa nacheza.

#38 Shangazi wa Wete

Na mchezo wa ng'ombe umeletwa na Wareno, au si hivyo?

#39 Mpemba wa Mtambile

Ndivyo inavyosemwa siku zote. Kwetu wazee wengine hawakubali, wanasema ni wa wenyewe, wa kuomba mvua. Tusiufungue hapa, uzi utahamia Pemba wote.

#40 Bahari Shwari

Uzi ukihamia Pemba hauna boti ya kurudi mpaka kesho.

#41 Shangazi wa Wete

Na utakula ndizi za Pemba ugome kurudi.

#42 Kijana wa Juzi

Narudi kwenye mada. Nimeijaribu, Mwana wa Ng'ambo. Jana nilitengeneza tiara kwa maelezo yako ya #1. Gundi ya ngano iliwavutia sisimizi. Imepanda mara ya nne, kwenye dari la nyumba ya rafiki yangu. Nilifurahi, sikatai. Lakini sikusikia kitu chochote "kikirudi", kwa sababu mimi tiara sikuwahi. Kilichonirudia kweli ni siku mbili kabla, nilipokuta kwenye simu ya kaka yangu ule mchezo wa nyoka tuliokuwa tukiucheza kwenye simu ya marehemu baba, mimi na yeye, tukigombania. Vidole vyangu navyo vilijua. Sasa je, hiyo ni halali au si halali humu?

#43 Mwalimu wa Vidudu

Swali zito. Mimi sijui kukujibu kwa haraka.

#44 Mwana wa Ng'ambo

Halali. Vidole vyako vilikumbuka baba yako, kama changu kilivyokumbuka wale wanane. Na hapo nimejigundua: siku ile uwanjani, nilipokuwa nacheka peke yangu, sikuwa peke yangu. Wanane wale, wawili wamekufa, mmoja yuko Muscat, mmoja hatusemezani tangu msiba wa mama. Labda furaha ilikuwa yao.

#45 Komwe

Huyo msiyesemezana naye anaishi wapi?

#46 Mwana wa Ng'ambo

Kisauni. Dakika 20 kwa baskeli.

#47 Komwe

Mimi sijasema kitu.

#48 Nahodha wa Mkokotoni

Sikubaliani kwamba furaha ilikuwa ya wale wenzako. Nimekaa baharini miaka 40. Kuna usiku nimekaa peke yangu kwenye ngalawa, tanga limeshika, naisikia furaha ile ile ya ngalawa za kifuu tulizokuwa tukizishindanisha kidimbwini, jani la mkungu ndilo tanga. Hakuna mwenzangu, hakuna wa kumkumbuka. Ni upepo kushika kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Mwili unapenda hilo, mtoto au mzee.

#49 Bahari Shwari

Nahodha kamrudia Mwalimu kwa mlango wa nyuma.

#50 Mwalimu wa Vidudu

Hapana, kanipinga. Yeye anataka tanga lishike. Mimi nilisema hata lisiposhika.

#51 Ummu Salwa

Nimerudi baada ya siku tano, nina habari.

Niliposoma ya Chaza kwenda na shoga yake, nikawapigia ndugu zangu wawili wa kike. Mkubwa ana miaka 52 na magoti mabovu. Jumapili walikuja kwangu. Tumefunga geti la uani, watoto wa kiume tumewatuma sokoni, wa kike wakabaki. Mpira tumeushona kwa soksi na kitambaa cha pazia. Chupa ya maji ya plastiki, mchanga wa ujenzi wa jirani, nimeuomba.

Mikono imesahau, nisiseme uongo. Mara tatu za mwanzo nimepigwa kabla sijainama. Pumzi hamna. Binti yangu wa miaka 12 ndiye aliyekuwa ncha moja, anarusha kwa nguvu huyo, hana huruma na mama yake. Mara ya nne nikaanza kuuona mpira kabla haujatoka mkononi mwake, unatazama bega, si mkono. Nikainama, nikachota, nikatia. Dada mkubwa amekaa kitini anahesabu kwa sauti. Chupa ilifika nusu, na pale nusu nikasimama kidogo. Sikujua kwa nini nimesimama. Binti akanipiga wa paja.

Tukaanza tena.

Mama yupo hai, ana miaka 78, anakaa nami. Alikuwa dirishani tangu mwanzo. Chupa ilipojaa alisema, "Imwage chini yote, isibaki. Ndiyo kanuni."

#52 Kipanga

Rede haina kanuni hiyo ya kumwaga.

#53 Ummu Salwa

Nage inayo.

#54 Chaza

Jumapili ijayo mnacheza tena? Mie niko Jang'ombe.

#55 Ummu Salwa

Njoo, shoga. Baada ya laasiri. Njoo na soksi, mpira umeanza kufumuka.